Gia Zinagoma? Pima Kabla Hujakubali Giaboksi Ishushwe

Corolla yangu ya kwanza, toleo la 110 la gia tano, ilikaa juu ya mawe siku tisa kwa sababu ya kiraba cha ukubwa wa sarafu. Kila asubuhi gia ya kwanza ilikuwa inagoma kuingia, na rivasi inasaga kama mashine ya kukoboa. Fundi akaushika mkono wa gia, akautikisa mara mbili, akasema, "Bosi, hapa giaboksi. Tushushe." Tukashusha. Tukanunua nyingine ya mtumba, ikafungwa, na gia ya kwanza ikaendelea kugoma vilevile. Aliyeniokoa ni kijana wa gereji ya jirani aliyekuja kuazima spana namba kumi. Aliinama, akafunua kifuniko cha mpira kwenye pampu ya chini ya klachi, fluidi ikamchuruzikia vidoleni.

"Kaka, hii mbona inavuja?"

Tangu siku hiyo sishushi giaboksi ya mtu wala yangu kabla ya vipimo nitakavyoeleza hapa. Vingi havitaki spana hata moja. Vinataka eneo tambarare, handibreki inayoshika, jiwe la kuwekea tairi, tochi, na mtu wa kukukanyagia klachi.

Kwanza uelewe unachokitafuta. Ukibadilisha gia, mkono wako na mguu wako vinafanya kazi mbili tofauti. Mkono unavuta kebo au fimbo mpaka kwenye selekta, kifaa kinachochagua gia, ndani ya giaboksi. Mguu unasukuma fluidi kutoka pampu ya juu, iliyo nyuma ya pedeli, mpaka pampu ya chini, iliyo ubavuni mwa giaboksi, ili klachi iachie na injini isiendelee kuizungusha giaboksi. Kwa hiyo ugonjwa unaweza kukaa sehemu tatu: njia ya mkono, njia ya mguu, au giaboksi yenyewe. Dalili zake zinafanana sana ukiwa umekaa kwenye kiti, na ndiyo maana watu wanauziwa giaboksi wakati walihitaji raba.

Hatua ya 1: Lihoji gari kabla ya kulifungua

Kaa nalo siku moja au mbili ukijibu maswali haya kichwani au kwenye simu. Zinagoma gia zote au moja? Gari likiwa limesimama, au likiwa kwenye mwendo? Asubuhi injini ikiwa baridi, au baada ya saa nzima ya foleni? Tatizo lilianza ghafla au limekuja polepole? Na swali ambalo wengi wanalisahau: kabla halijaanza, gari lilifanyiwa nini? Kama klachi ilibadilishwa wiki iliyopita na gia zimeanza kugoma wiki hii, usihangaike kutafuta mbali.

Gia zote zikigoma gari likiwa limesimama, mshukiwa wa kwanza ni klachi. Ikigoma au kusaga gia moja tu, na gari liko kwenye mwendo, mshukiwa yuko ndani ya giaboksi. Kubadilisha gia kukiwa kugumu asubuhi na kulainika baadaye, anza na oili ya giaboksi. Asubuhi pakiwa sawa na shida ikaja kwenye joto la foleni, rudi kwenye klachi na fluidi yake.

Hatua ya 2: Zima injini, halafu ingiza gia

Ukiamua kufanya kipimo kimoja tu, fanya hiki.

Vuta handibreki, weka jiwe kwenye tairi, zima injini. Kanyaga klachi mpaka chini, kisha pitisha gia zote kwa utaratibu: ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano na rivasi. Usilazimishe. Gia moja ikigota, achia klachi, kanyaga tena na ujaribu upya, au mtu alisukume gari sentimita chache. Meno yanaweza kuwa yamekutana ncha kwa ncha, na huo si ugonjwa.

Sasa washa injini, iache iungurume bila kukanyaga mafuta, na urudie yaleyale.

Gia zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa, zikagoma au kusaga ikiwa imewashwa, klachi haiachii vizuri. Nenda hatua ya 3. Injini ikiwa imezimwa hakuna kinachoizungusha giaboksi, kwa hiyo klachi mbovu haina cha kuharibu. Ikiwashwa, klachi isipoachia, shafti ya giaboksi, yaani mhimili wake, inaendelea kuzunguka na meno yanakataa kukutana.

Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, usipoteze muda na klachi. Nenda kwenye mkono wa gia na kebo zake, hatua ya 5.

Zikiingia vizuri mara zote mbili, na shida inatokea ukiwa barabarani tu, nenda kwenye oili na sinkronaiza (ringi zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijakutana), hatua ya 6 na ya 7.

Hatua ya 3: Klachi isiyoachia

Thibitisha kwanza. Injini imewashwa, uko fri, klachi imekanyagwa mpaka chini. Hesabu polepole mpaka tano, kisha ingiza rivasi. Katika magari mengi rivasi haina sinkronaiza, kwa hiyo haikufichi kitu: shafti ikiwa bado inazunguka, utasikia inasaga. Ukiingiza harakaharaka bila kusubiri, hata gari lisilo na ubovu linaweza kusaga, na hapo hujapima chochote.

Kipimo cha pili: ingiza gia ya kwanza klachi ikiwa chini kabisa, achia handibreki, ongeza mafuta kidogo. Asisimame mtu mbele ya gari. Gari likianza kujivuta wakati mguu wako bado umebana klachi mpaka kwenye kapeti, jibu umelipata.

Kipimo cha tatu ndicho ambacho kingeniokolea siku zangu tisa. Pampu pedeli ya klachi harakaharaka mara nne, ibane, uingize gia. Ikiingia laini baada ya kupampu, wakati mwanzo ilikuwa inagoma, basi kuna hewa kwenye mfumo, fluidi imepungua, au pampu imechoka. Giaboksi haijui kama umepampu mara moja au mara nne.

Sasa fungua boneti. Angalia kikopo cha fluidi ya klachi. Magari mengine yana kikopo chake, mengine yanatumia kimoja na breki. Fluidi nzuri ina rangi ya asali nyepesi. Ikiwa nyeusi kama chai ya rangi iliyolala, raba za ndani zinalika. Kama imepungua, imekwenda mahali, kwa sababu mfumo huu umefungwa na hauli fluidi. Itafute sehemu tatu.

Ya kwanza, ndani ya gari. Piga tochi juu ya pedeli ya klachi, pale fimbo yake inapopita kwenye ukuta wa injini. Kukiwa na unyevu unaochuruzika kuelekea kwenye kapeti, pampu ya juu inavuja.

Ya pili, pampu ya chini. Funua kifuniko chake cha mpira kwa kidole. Unyevu kidogo wa vumbi unaweza kusamehewa. Fluidi ikitiririka, raba imekwisha. Magari mengine ya kisasa yana pampu hii ndani kabisa, imeizunguka shafti, na hapo huwezi kuifikia bila kushusha giaboksi. Hakikisha la kwako ni la aina gani kabla ya kubishana na fundi.

Ya tatu ni paipu ya mpira kati ya hizo mbili. Mwambie mwenzako akanyage huku umeishika kiganjani. Ikivimba, inakula nguvu ambayo ingefika kwenye klachi.

Kuna ugonjwa mmoja mjanja usioacha tone chini: pampu ya juu inayovuja ndani kwa ndani. Gia inaingia vizuri, lakini ukisubiri taa kwenye foleni huku umebana klachi, baada ya nusu dakika pedeli inaanza kuzama yenyewe na gari linataka kusogea. Fluidi inapita pembeni ya raba na kurudi kwenye kikopo chake, kwa hiyo kiwango chake hakishuki. Hapo dawa ni vifaa vya ndani vya pampu, au pampu nzima.

Ukishaziba uvujaji, toa hewa. Jaza kikopo kwa fluidi iliyoandikwa kwenye kifuniko chake, kwa Toyota nyingi ni DOT 3. Usithubutu kuweka oili ya injini wala ya hidroliki, inavimbisha raba zote mpaka za breki. Chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye nati ya kutolea hewa ya pampu ya chini, na ncha ya pili uitumbukize kwenye chupa yenye fluidi kidogo. Mwenzako akanyage polepole na kushikilia. Wewe legeza nati robo mzunguko, acha itoke, kaza, ndipo aachie. Akiachia kabla hujakaza, hewa inarudi ndani na mnaanza upya. Rudieni mpaka mapovu yaishe, mkikiangalia kikopo kisikauke. Fluidi ikidondokea rangi ya gari, mwagia maji mara moja, maana inaibabua.

Kisha mwenzako akanyage huku unaangalia fimbo ya pampu ya chini. Inatakiwa itoke kwa mkupuo, kwa nguvu, na kurudi. Ikisogea milimita chache tu, bado kuna hewa au pedeli inahitaji kurekebishwa. Kabla klachi haijaanza kufanya kazi, pedeli inatakiwa iwe na nafasi ndogo ya kucheza. Toyota ndogo nyingi huwa kati ya milimita 5 na 15. Kwa klachi ya kebo, nafasi hiyo inarekebishwa kwenye nati ya kebo, na kebo yenyewe iangaliwe kama nyuzi zake zimeanza kukatika.

Kama njia yote ya fluidi ni nzima na bado klachi haiachii, sasa una haki ya kusema "tushushe." Utakuta presha pleti (sahani inayoibana klachi) imevunjika vidole, au klachi pleti yenyewe imepinda, au imeshikana kwa kutu na flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, jambo la kawaida kwa gari lililolala muda mrefu hasa huku pwani. Kwenye gari la kuvutwa na matairi ya nyuma, angalia pia pailoti beringi, inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi katikati ya flaiwili. Ikijam inaizungusha shafti hata klachi ikiwa imeachia, na watu wanaweka klachi mpya bila kupona. Na kama klachi imebadilishwa juzi, uliza bila aibu kama pleti haikugeuzwa. Ina upande wa flaiwili na upande wa giaboksi. Ikigeuzwa inaweza kugusa mahali isipotakiwa, na klachi haitaachia hata ukikanyaga kwa miguu miwili.

Hatua ya 4: Inayoteleza ni kesi nyingine

Hii naipitia haraka kwa sababu watu wanaichanganya na ile ya juu. Klachi isiyoachia inazuia gia kuingia. Klachi inayoteleza inaruhusu gia zote ziingie kama siagi, ila gari halivuti. Ukiwa gia ya nne kwa kilomita 50 hivi kwa saa, kanyaga mafuta mpaka chini. Mlio wa injini ukipanda na spidi ikabaki palepale, pleti imekwisha, au imelowa oili kutoka kwenye sili ya nyuma ya injini. Mlima wa Kitonga, njia ya Iringa, ukiwa na mzigo, unakupa jibu hilo hata kama hukuliomba, pamoja na harufu ya kuungua.

Hatua ya 5: Mkono wa gia, kebo na bushi

Hapa ndipo penye matengenezo ya bei nafuu kuliko yote, na ndipo mafundi wengi hawaangalii.

Mkono ukiwa fri, usukume kushoto na kulia. Unatakiwa urudi wenyewe katikati. Ukilala upande kama mti uliokatwa, bushi zimekwisha au springi imechoka. Kwenye magari ya kuvutwa na matairi ya mbele kama Corolla kuna kebo mbili: moja inachagua mstari, nyingine inaingiza gia. Kwa hiyo ukikosa mstari mzima, kwa mfano ya kwanza na ya pili zote hazipatikani lakini nyingine zipo, shuku kebo ya kuchagua. Mwenzako asogeze mkono huku unaangalia upande wa giaboksi. Kila anachofanya ndani kinatakiwa kionekane nje saa hiyohiyo. Mkono ukisogea na ncha ya kebo ikachelewa, umepata bushi iliyolika au kipini kilichochomoka.

Ukitaka uhakika zaidi, chomoa kebo kwenye giaboksi na usogeze selekta kwa mkono. Ikiingia na kutoka kwa mlio safi, giaboksi ni nzima na kebo ndizo zimekwama. Hicho kipimo peke yake kimeziokoa giaboksi nyingi.

Hiace za zamani zenye gia za usukani zina fimbo na viungo vingi, na kila kiungo kikicheza kidogo, mkononi unapata mchezo wa kutosha kupoteza gia. Kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70 mkono unaingia moja kwa moja kwenye giaboksi. Chini yake kuna kibushi ambacho kikilika mkono unayumba kama kijiko kwenye uji. Kibushi hicho kinabadilishwa kutoka juu, ndani ya gari.

Usisahau mauntini, raba zinazoishikilia injini. Boneti ikiwa wazi na handibreki imevutwa, mwenzako aachie klachi kidogo tu kwenye gia ya kwanza, kisha kwenye rivasi, mpaka gari litake kuondoka. Injini ikiinuka na kulala kama inapiga rukuu, inavuta kebo pamoja nayo, na gia inaweza kuchomoka yenyewe barabarani.

Hatua ya 6: Oili

Fungua nati ya kujazia oili ya giaboksi kwanza, kabla ya ile ya kumwagia. Nimeona mtu akimwaga oili yote, kisha nati ya kujazia ikakataa kufunguka, na gari likalala hapohapo.

Gari likiwa limekaa sawa, si upande mmoja juu ya jeki, ingiza kidole kwenye tundu la kujazia. Oili inatakiwa iguse ukingo wa chini wa tundu, au iwe chini yake kwa milimita chache. Kama kidole hakiigusi, tafuta inakovujia: sili za shafti za matairi au maungio ya giaboksi.

Ukiimwaga, iangalie juani. Nyeusi nyeusi yenye harufu kali ni uzee. Kwenye sumaku ya nati, tope la kijivu laini kama masizi ni la kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu si vya kawaida. Chembe za rangi ya shaba zinazometameta ni ringi za sinkronaiza zinazolika. Na ikiwa kama chai ya maziwa, imeingia maji. Waliovuka bonde la Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa masika wanaijua hiyo: giaboksi ya moto ikizama kwenye maji ya baridi inavuta maji kupitia tundu lake la kupumulia. Imwage siku hiyohiyo, jaza mpya, tembea kidogo, mwaga tena.

Aina ya oili fuata kitabu cha gari, usifuate alichobakiza muuzaji. Nyingi zinataka 75W-90, lakini angalia pia kama kitabu kinasema GL-4 au GL-5, ambayo ni madaraja ya oili za gia. Giaboksi inayotaka GL-4 ikiwekewa GL-5, oili inaweza kuwa na utelezi mwingi mno kwa sinkronaiza kushika, na baadhi zina viambato vinavyoshambulia shaba. Mengine yanatumia oili nyembamba kabisa, na ukiweka nzito utapigana na gia ya pili kila asubuhi.

Hatua ya 7: Kama ni ndani kweli

Sinkronaiza iliyokwisha inajitambulisha kwa kusaga gia moja, mara nyingi ya pili, ukiingiza harakaharaka kwenye mwendo. Ihakikishe kwa klachi mbili, kama madereva wa malori ya zamani. Kutoka tatu kwenda mbili: kanyaga klachi, weka fri, achia klachi, gusa mafuta kidogo, kanyaga tena, ingiza mbili. Ikiingia bila kusaga kwa njia hiyo, na kwa njia ya kawaida inasaga, ringi yake imekwisha. Unaweza kuendesha hivyo miezi huku unatafuta pesa.

Gia inayochomoka ukiachia mafuta au ukipita kwenye tuta, na mauntini na kebo ni nzima, inaonyesha meno yaliyoviringika, springi na gololi za kushikilia zilizochoka, au foku (uma unaosukuma gia) iliyolika. Foku inalika mapema kwa dereva anayepumzisha mkono juu ya gia safari nzima. Nakiri, nilikuwa mmoja wao.

Milio nayo inasema. Uko fri, injini inaunguruma, klachi haijakanyagwa, na kuna mvumo unaonyamaza ukikanyaga: beringi ya shafti ya giaboksi. Kimya mpaka ukanyage, ndipo inalia: rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie. Mvumo kwenye gia moja tu ni gia hiyo na beringi zake.

Siku ya kushusha

Ikibidi kushusha, mweleze fundi ulichopima, kwa mpangilio, kabla hajagusa spana. Gharama kubwa ni kushusha na kupandisha, kwa hiyo wakati ipo chini badilisha rilizi beringi, angalia sili ya nyuma ya injini na sili ya shafti ya giaboksi, na uso wa flaiwili upelekwe kwa fundi wa kukereza kama una mikwaruzo au madoa ya bluu ya moto. Omba spea zote za zamani, uzishike kwa mkono wako.

Likiisha, usilipe ukiwa umekaa kwenye benchi. Rudia kipimo cha injini kuzimwa na kuwashwa. Rudia rivasi kwa kuhesabu mpaka tano. Zunguka nalo mpaka lipate moto, rudi gereji, lala chini, upitishe kidole chini ya kifuniko cha pampu ya chini. Kikitoka kikavu, mlipe.